Funza aliyeingia ndani ya embe hana dawa

Maembe yakianza kupevuka, wateja wengi hutuulizia dawa kali ya kumaliza funza. Tunayo madawa mengi rafuni, lakini hii kazi hayaiwezi, na tusingependa ulipie kitu kisichokusaidia.

Nzi jike wa matunda, mama wa funza hao, hutoboa ganda la embe, hata likiwa bado kijani, akataga mayai chini yake. Nje huoni ila kitundu kama cha sindano na tone la utomvu. Mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili, na funza hujichimbia kwenye nyama ambako dawa haifiki. Embe likidondoka, funza hutoka na kujifukia udongoni sentimita chache tu, na kwenye joto la Pwani siku kumi hivi zinatosha nzi mpya kuibuka.

Kwa hiyo anza na usafi. Okota maembe yaliyodondoka angalau mara mbili kwa wiki, yale ya jirani pia kama atakubali. Yatie kwenye mfuko mzito mweusi usiotoboka, funga mdomo, acha juani wiki mbili. Ukiamua kuyafukia, chimba futi mbili. Shimo fupi halisaidii, maana nzi mchanga anaupenya udongo.

Kisha chambo cha protini, yaani chakula cha kuwavuta nzi kilichotiwa sumu. Jike anahitaji protini ili mayai yake yakomae, ndiyo maana hukifuata. Changanya kwa kipimo cha lebo, nyunyiza mililita 50 hivi kwenye eneo la mita moja ya mraba, chini ya majani, wala si kwenye matunda. Rudia kila wiki hadi embe la mwisho livunwe, na mvua ikikiosha, rudia mapema. Mtego wa methili yujenoli, kivutio cha harufu, ni mzuri, ila unakamata madume peke yake. Usiuone umejaa ukadhani umepona.

Kupulizia mti mzima wakati huu kunaua maji moto, wale chungu wekundu wanaowasumbua nzi bure bila kukudai senti. Kama bado unalazimika, soma kwenye lebo siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuchuma, na uhesabu kurudi nyuma kutoka mchumo wa kwanza. Unachuma tarehe 20 Desemba na lebo inasema siku 14? Mwisho wako wa kupulizia ni tarehe 6.

Madoa meusi ya chule, ugonjwa wa ukungu, yanayotokea embe likiiva ni habari nyingine. Ugonjwa uliingia tangu maua na matunda machanga, ukalala, na kinga yake ilikuwa wakati ule. Sasa kinachosaidia ni kuyazamisha maembe kwenye maji ya nyuzi joto 52 kwa dakika tano, mara baada ya kuchuma. Tumia kipimajoto, usikisie kwa mkono: yakizidi yanababua ganda, yakipungua chule inabaki.

Wakati wa kuchuma, acha kikonyo kirefu, kikate ukiwa kivulini, kisha liweke embe upande wa kikonyo ukiwa chini hadi utomvu ukauke. Utomvu ukimwagikia ganda, huacha alama nyeusi ambayo mnunuzi ataiita ugonjwa.