Gombeeni kiti cha katibu: barua ya wazi kwa vijana wetu wa Kansas, Nebraska na Iowa

Vijana wetu,

Marahaba kwa mlioniamkia, na wengine hamjambo. Mnaunda jumuiya huko nyikani, na penye jumuiya kinachogombewa ni uenyekiti. Mimi nawasihi mgombee kiti cha katibu. Sababu yangu mtaikuta Nicodemus, kaskazini-magharibi mwa Kansas.

Mji ule ulianzishwa mwaka 1877 na W. H. Smith, mtu mweusi, akishirikiana na W. R. Hill, Mzungu aliyekuwa mfanyabiashara wa viwanja. Septemba mwaka huohuo walifika watu wapatao 300 kutoka Kentucky, wengi wao waliozaliwa utumwani. Walikuwa wamesifiwa mji. Walichokiona ni nyika tupu, ikawabidi waishi kwenye mashimo yaliyochimbwa ubavuni mwa vilima. Wengine waligeuza njia. Waliobaki waliuvuka msimu wa baridi kwa msaada, ukiwamo wa wawindaji wa Kiosage, kabila la wenyeji wa asili, waliowagawia nyama. Na tusijisahaulishe: nyika hizo walinyang'anywa wenyeji kabla serikali haijazigawa.

Sasa karatasi. Sheria ya Marekani ya kugawa mashamba (Homestead Act) ya Mei 1862 ilimpa mkuu wa kaya, au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, ekari 160. Mjane aliruhusiwa, na mwanamke asiyeolewa pia. Ada zote zilifika kama dola 18: sehemu kubwa siku ya kuandikisha, dola chache siku ya kuthibitisha. Masharti yalikuwa kuishi pale miaka 5, kujenga na kulima. Mwenye haraka aliweza kuinunua baada ya miezi 6 kwa dola 1.25 kwa ekari, lakini mtu aliyekuja na blanketi na sufuria angezitoa wapi dola 200?

Palipoharibika ni padogo sana. Ardhi ilipimwa kwa miraba ya maili moja, kila mraba ukakatwa robo nne, na robo ikatajwa kwa upande wake wa dira na namba ya mraba. Alama ya pembeni ilikuwa jiwe au kichuguu cha udongo kilichomezwa na majani. Aliyekosea alama alijenga kwenye robo ya mwenzake. Aliyehama zaidi ya miezi 6 aliweza kushtakiwa kuwa ameitelekeza, na mshtaki akaichukua. Ndiyo maana wanaume walipokwenda kutafuta vibarua mbali, mke na watoto walibaki kulinda shamba. Kansas haikujengwa na wanaume peke yao, hata kama picha za ukutani zinasema hivyo.

Mwishoni, mwombaji alitangaza gazetini nia yake ya kuthibitisha, akitaja mashahidi wanne. Wawili kati yao wakaapa mbele ya ofisa. Magazeti mengi ya nyikani yaliishi kwa ada za matangazo hayo. Kwa hiyo mkiona kijiji kidogo kama Nicodemus kilikuwa na magazeti mawili, msidhani ni majivuno.

Nyumba nayo ilitaka utaratibu. Miti haipo, basi plau ilikata utepe wa ardhi pamoja na mizizi yake, upana sentimita 30, unene 10, kisha ukakatwa vipande vya nusu mita hadi mita moja. Udongo uwe na unyevu, maana ukikauka unamomonyoka mkononi. Kipande kilalie majani yake, yaani mizizi ielekee juu, viungo vipishane, kila safu ya tatu ilazwe kwa kukingama. Ukuta ulitoka unene wa sentimita 60 hadi 90. Nyumba ya mita 5 kwa 6 ilimaliza eneo la nyasi la karibu nusu ekari. Fundi mzuri aliacha nafasi juu ya fremu ya dirisha na kuijaza matambara, kwa kuwa ukuta hushuka unapokauka, na pasipo nafasi kioo hupasuka. Paa ndilo lililoshinda watu: mvua ikikatika nje, ndani iliendelea kudondoka tope, na kitambaa cha dari kilikuwa cha kudaka udongo na nyoka.

Haya, uongozi. Zachary Fletcher alikuwa mkuu wa posta wa kwanza, na mkewe Jenny alifundisha shule ndani ya shimo. Kwa posta hiyo, barua za ofisi ya ardhi zikawa na mahali pa kufikia. Edward McCabe alikuja mwaka 1878. Kaunti ya Graham, uliko mji huo, ilipoanza kuwa na utawala wake mwaka 1880, gavana alimteua karani wa muda; baadaye akachaguliwa karani, na mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza huko kushika cheo cha jimbo kwa kura. Angalieni alipoanzia: kwenye daftari la kodi na hati.

Reli ndiyo iliyowashinda. Mwaka 1887 wapiga kura waliidhinisha hati za mkopo za dola 16,000 kuivutia kampuni ya reli ya Missouri Pacific, nayo haikuja. Mwaka 1888 reli ya Union Pacific ilipita ng'ambo ya mto Solomon, maili chache tu, na wafanyabiashara wakahamia Bogue pamoja na maduka yao. Wakulima waliokwisha kupata hati miliki waliweza kubaki, na kizazi chao kingali na mashamba huko.

Wikendi ya mwisho ya Julai wazao hurudi Nicodemus kusherehekea. Iko kando ya barabara kuu namba 24, na kituo cha wageni kimo katika ukumbi wa mji. Nendeni na katibu wenu, mwenyekiti akitaka naye aje.

Mzee wenu