Barua ya wazi kwa Waziri wa elimu wa provensi: maneno ya Lumumba tuyaandike mazima

Mheshimiwa Waziri, jambo sana.

Niko naandika juu ya kintu chenye kinaniuma, ile tabia ya kukata maneno ya mutu mpaka aonekane alisema chenye hakusema. Marekani iko hata neno ya hiyo kazi, banaita "dowdify", ilizaliwa mwaka 2003 ku jina ya mwandishi Maureen Dowd wa The New York Times. Rais Bush alisema karibu nusu ya bakubwa ba Al Qaeda bako mu gereza ao bamekufa, hao si shida tena. Dowd akaondoa ile sentensi yenye ilisema "karibu nusu", akaweka nukta tatu, basi musomaji akaelewa Al Qaeda yote si shida tena. Nukta tatu tu Mheshimiwa! Siye kwa Kifaransa tunasema "tronquer", yenye inatoka mu Kilatini, kukata muti matawi ibaki shina, na mi naona hiyo inasema vizuri zaidi.

Sasa hapa kwetu Kongo. Kila 30 Juni, siku ya uhuru, na kila 17 Januari, siku Lumumba aliuawa, WhatsApp inajaa picha ya huyo waziri mkuu wetu wa kwanza na maneno "sisi si nyani zenu tena", eti alimwambia Mfalme Baudouin wa Ubelgiji mbele ya batu bote. Hakusema. Hotuba ya 30 Juni 1960 iko, maandishi na sauti, na hiyo sentensi haimo. Chenye alisema ni kizito kupita: tulijua matusi na mapigo asubuhi, mchana na mangaribi juu tulikuwa Beusi, na mweusi alikuwa anaambiwa "tu", ile "wewe" ya Kifaransa yenye haina heshima, si kama rafiki, ni juu "vous" ya heshima ilikuwa ya Bazungu peke yabo. Muzee mwenye alitumika Union Minière, ile kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, hana lazima ya kuelezwa hiyo "tu".

Kisha barua ya mwisho ya Lumumba kwa bibi yake wa ndoa, Pauline. Batu banaandika "historia itasema neno yake siku moja" banafunga, nimeona hivyo ku banderole, kitambaa cha matangazo, ya masomo (shule) moja hapa mjini, maandishi mekundu makubwa, jina Lumumba chini, tarehe hakuna. Lakini sentensi inaendelea: haitakuwa historia yenye itafundishwa Bruxelles, Washington, Paris ao ONU (Umoja wa Mataifa), itakuwa ile ya inchi zenye zimetoka mu ukoloni na vibaraka wake. Unaona chenye kilikatwa? Ni mafundisho yenyewe, ni kazi yako Mheshimiwa.

Tunaomba hotuba nzima ifike kwa kila direkta wa masomo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chetu, batoto baisome yote mbele ya kuchukua mustari moja, na banderole yoyote ya masomo ibebe sentensi nzima na tarehe. Lumumba aliuawa huku kwetu Katanga, 17 Januari 1961. Ile 17 Januari yenye inakuya, batoto ba Lubumbashi basome chenye alisema kweli.

Mwalimu mmoja wa Katuba