Risala kwa mgeni rasmi: kwa nini tunakuomba uvue pete na viatu mlangoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, mafundi wa maabara, wanafunzi wenzangu na wageni wote mliofika, habari za asubuhi na karibuni sana.

Mgeni rasmi, kwanza asante kwa kuja, na pili tunaomba radhi mapema kabisa kwa sababu tukimaliza hapa tutakupeleka maabara, na pale mlangoni kuna kijana atakuambia uvue viatu, uvue pete, uvue saa, uvae kofia ya plastiki na koti na glovu, na kama kuna mtu kwenye msafara wako amejipaka poda usoni huyo kijana atamwangalia kwa jicho baya kidogo maana poda nyingi zina zinki. Usikasirike, hata mkuu wetu wa idara anafanyiwa hivyo hivyo. Mimi nimepewa kazi ya kusoma risala na nilitakiwa nianze na historia ya kikundi na idadi ya wanachama, ila nimeona nikueleze hilo la viatu tu maana ukishalielewa umeelewa kazi yetu karibu yote.

Sisi tunapima metali kwenye maji ya bahari. Chuma, zinki, shaba, manganizi, kobalti, kadimiamu, risasi, hizo ndo zetu. Sasa mtu akisikia chuma anafikiria nondo, lakini chuma tunachokitafuta sisi ni kidogo mnoo, yaani chukua lita 1 ya maji ya juu kabisa kule kwenye bahari kuu ya kusini, ndani yake kuna chumvi kama gramu 35, na chuma kilichoyeyuka kinaweza kuwa nanogramu 6 hivi, na nanogramu ni gramu 1 uliyoigawa mara bilioni. Kwa hiyo chumvi inazidi chuma kama mara bilioni 6. Halafu wanasayansi wanaenda kuyachota maji hayo wakiwa juu ya meli ya chuma, yenye kamba za chuma na kutu kila kona! Kipande cha kutu cha miligramu 1, ambacho hata hukioni kikidondoka, kina chuma kinachotosha kwa zaidi ya lita laki 1 za maji hayo. Hebu piga picha mgeni rasmi, lita laki moja, na pete, saa na viatu navyo vinabeba uchafu wa aina hiyo.

Ndo maana kwa miaka mingi namba zilizoandikwa kwenye vitabu zilikuwa si za bahari, zilikuwa za uchafu wa meli na mikono na chupa za watu. Yule mkemia Fritz Haber wa Ujerumani baada ya vita ya kwanza ya dunia alitaka kuchuja dhahabu baharini ili nchi yake ilipe madeni ya vita, maana namba za wakati ule zilionyesha bahari imejaa dhahabu, akaweka maabara ndani ya meli, akapima na kupima, kumbe dhahabu iliyopo ni kidogo mno kuliko ilivyoandikwa, mradi ukafa miaka ya 1920. Mimi huyo huwa namheshimu kwa jambo moja, alipima upya mwenyewe na akakubali jibu.

Aliyetufungua macho hasa ni mkemia Clair Patterson wa Marekani. Huyu alikuwa anatafuta umri wa dunia kwa kupima risasi kwenye vimondo, na mwaka 1956 akatoa jibu la miaka bilioni 4.55 ambalo mpaka leo limesimama, ila kabla ya kufika hapo alihangaika miaka kwa sababu risasi ilikuwa kila mahali, kwenye vumbi, kwenye maji ya bomba, kwenye nywele za watu wake. Akaamua kujenga maabara safi, hewa inachujwa, kila kitu kinaoshwa kwa asidi. Alafu akageukia bahari na kukuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya chini, kitu ambacho hakikutakiwa kuwa hivyo kama risasi ni ya asili tu, maana yake inatoka hewani, inatoka kwenye petroli ya magari. Petroli ya risasi kwa magari ya kawaida imekuja kuisha kuuzwa duniani mwaka 2021, nchi ya mwisho ikiwa Algeria. Kwa hiyo mgeni rasmi ukiona mtu anasugua chupa wiki nzima usidhani hana kazi.

Na sisi chupa tunazisugua kweli. Chupa ya plastiki inaoshwa kwa sabuni, inalowekwa kwenye asidi wiki kadhaa, inasuuzwa kwa maji yaliyosafishwa kupita kiasi, inafungwa kwenye mifuko miwili. Meli ikifika, chupa za kuchotea zinashuka kwa kamba isiyo na chuma, nyingine zinashuka zikiwa zimefungwa mdomo ili zisinywe ule uchafu wa juu unaozunguka meli. Sampuli inachujwa kwa filta yenye matundu ya mikromita 0.2, inatiwa asidi safi mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2, inakaa miezi. Ndo baadaye inapitishwa kwenye resini ambayo inazishika metali na kuiacha chumvi ipite, maana ukiimwaga chumvi yote ndani ya mashine utaiua mashine. Mashine yenyewe inachoma sampuli kwenye plazma, yaani gesi ya argoni iliyopashwa joto la maelfu ya nyuzi mpaka inabeba umeme, halafu inapanga atomu kwa uzito. Na hata hapo kuna ujanja, argoni yenye uzito 40 ikishikana na oksijeni yenye uzito 16 inapata 56, uzito ule ule wa chuma, kwa hiyo usipokuwa makini utapima gesi yako mwenyewe na utashangilia umepata chuma.

Nisifiche, yametukuta. Mwaka jana tulimaliza wiki 6 kwenye sampuli za kina kirefu na mchoro wa zinki ukatoka kichwa chini miguu juu, juu nyingi chini kidogo, wakati zinki inaliwa na mimea midogo ya juu na inatakiwa iongezeke unavyoshuka. Mmoja akasema tumegundua kitu kipya. Mwalimu hakusema neno, akauliza tu blanki zenu zinasomaje, yaani yale maji matupu tunayoyapitisha njia nzima kama sampuli. Tukaenda kuangalia, blanki zimejaa zinki! Kumbe tulibadilisha aina ya glovu na kwenye mpira wa glovu zile kuna zinki, na sampuli za juu ndo zilishikwashikwa zaidi. Wiki 6 zikaenda na maji. Chupa moja tumeiweka kabatini mpaka leo kama kumbukumbu, utaiona.

Swali ambalo tunaulizwa sana na nadhani hata wewe unalo, sasa hivyo vinanogramu vina maana gani? Vina maana mgeni rasmi. Mwanasayansi wa bahari John Martin wa Marekani alitumia hizo njia safi akaonyesha kwamba kuna sehemu kubwa za bahari zina nitrati na fosfati, yaani mbolea ya mimea, za kutosha lakini mimea midogo haioti, kwa sababu chuma hakitoshi. Mwaka 1988 alitania mbele ya wenzake kwamba wampe nusu tanka ya chuma naye atawapa zama za barafu, maana mimea hiyo ikiota inavuta kaboni dayoksaidi. Alifariki 1993, na miezi michache baadaye mwaka huo huo wenzake wakamwaga chuma karibu na visiwa vya Galapagos na kweli maji yakaota kijani. Kama suluhisho la joto la dunia mimi binafsi siliamini sana, kuota juu ni kitu kimoja na kaboni kuzama chini ikakaa huko ni kitu kingine, lakini kuhusu chuma yule mzee alikuwa sahihi.

Kadimiamu nayo, namba zake zilipokuwa chafu zilitawanyika kama kuku waliofukuzwa, zilipokuja safi miaka ya 1970 zikajipanga na fosfati mstari mmoja, yaani fosfati ikipanda nayo inapanda, na leo watu wanapima kadimiamu kwenye magamba ya vijidudu vya kale chini ya bahari ili kujua maji ya kina yalizungukaje zamani. Na tangu 2010 kuna mradi wa GEOTRACES ambapo nchi nyingi zinapima bahari zote kwa njia zinazolingana, maabara zinapima kwanza maji yale yale na kulinganisha majibu.

Sasa changamoto na maombi. Filta za hewa za chumba kisafi zimechoka, tunaomba zibadilishwe kabla ya safari ijayo. Asidi ya kiwango cha juu ni ghali, tunaisafisha wenyewe ila kitungi cha kusafishia ni kimoja na tuko wengi. Na hili la tatu halina gharama, tunaomba wanaotukagua wasituulize tu tumepima sampuli ngapi, watuulize blanki, maana tunaweza kukuletea sampuli 500 za uchafu na ripoti ikapendeza.

Mgeni rasmi, kikapu cha pete na saa kiko mkono wa kushoto ukiingia, kuna mtu anakilinda.

Naomba kuwasilisha.