Barua kwa mwanangu kabla hujapanda Whistler

Rehema mwanangu,

Ujumbe wako nimeuona. Jumamosi mnapanda Whistler, mlima wa kuteleza kwenye theluji huko Kanada, na wenzako wamekwambia watakufundisha wao. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Kujua kuteleza si kujua kufundisha. Watakuvumilia nusu saa, kisha watataka kwenda zao juu, nawe utawafuata kwa kuona haya. Hela ya mwalimu nimekutumia. Mwaka ule niliona ni ghali, nikasema utajifunza kwa kuanguka. Basi, hayo yamepita.

Mlima wenyewe hauna ubaya. Whistler na Blackcomb, mlima wa jirani, kwa pamoja zina njia zaidi ya 200, nyingi za watu wa kiwango cha kati. Wewe anzia Olympic Station, pale gondola, kile kibanda kinachopanda kwa waya, inaposimama katikati ya mlima. Kuna mikeka inayojiendesha, unasimama juu yake inakupandisha. Jifunze kabari kwanza: ncha za skii, zile mbao za kutelezea, zikaribiane, mikia iachane, kingo za ndani zikwangue theluji. Ukiweza kusimama pale unapotaka, na kugeuka kulia na kushoto bila kasi kuongezeka, ndipo uende lifti ya viti ya Emerald kwenye njia za kijani, yaani rahisi. Ukikaa hapo siku nzima hujapoteza kitu.

Alama za njia ni hizi: duara la kijani ni rahisi, mraba wa buluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu, almasi mbili usiziangalie. Lakini rangi hupangwa kwa kulinganisha njia za mlima uleule, kwa hiyo kijani cha huko si lazima kiwe kijani cha kile kilima chenu kidogo. Burnt Stew Trail ni kijani, ila ni ndefu na ina sehemu tambarare. Utasukuma kwa fimbo mpaka mabega yalie. Wakikwambia "ni kijani tu", uliza urefu. Dave Murray Downhill, walikoshindana wanaume kwenye Olimpiki ya 2010, wataitamani. Waache waende. Usiwafuate.

Dukani unapokodisha, taja uzito wako wa kweli. Fundi hukaza springi inayoshika kiatu kwa kuangalia uzito, kimo, umri, urefu wa soli na uwezo wako. Ukipunguza uzito, skii itachomoka hovyo. Ukijisifu kwamba unajua, itakazwa mno, na siku ya kuanguka itagoma kuachia. Kitakachopinda ni goti. Soksi moja tu, na suruali ya ndani isiingie kwenye kiatu. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma. Vikibaki vimebanwa, badilisha kiatu, usiogope foleni.

Peak 2 Peak, gondola inayounganisha milima hiyo miwili, ipande, hata kwa kutazama tu: kilomita 4.4 kutoka mlima hadi mlima, na mahali fulani uko mita 436 juu ya kijito. Unaweza kurudi nayo vilevile, hulazimiki kuteleza.

Kwenye miti usiingie. Chini ya misonobari theluji huwa laini na yenye shimo. Mtu hutumbukia kichwa mbele, na kujitoa peke yake ni shida.

Tiketi umejilipia kwa kazi yako ya usiku. Hilo nimemwambia mjomba wako mara mbili. Matokeo ya mtihani wa takwimu lakini hukuyataja, nami sijasahau.

Friza ya chini imekufa tena, nyama yote nimempelekea mama Asha. Bibi anauliza kama glavu alizokufumia zinafaa. Mwambie zinafaa, ila mlimani vaa zisizopitisha maji. Za sufu zikilowa ni barafu mkononi.

Kuanzia saa nane mchana miguu huwa imechoka, theluji ya chini ni nzito au imeganda, na watu wote wanarudi kijijini kwa njia moja. Shuka kwa gondola. Wakicheka, wacheke. Nipigie ukiwa ndani yake, nisikie inavyounguruma.

Mama yako