Kabla Kulwa hajashika mwiko

Igoma, Mwanza
Jumapili jioni

Mama Kulwa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Machungwa yamefika salama, na Nyanzala alikula manne kabla hata sijayaosha. Barua yako nilikabidhiwa Alhamisi na yule kijana wa melini, nikaisoma nimesimama pale pale bandarini, watu wananipita na mizigo yao. Nafurahi kusikia mama anaendelea vizuri na mguu umeanza kukanyaga.

Umeomba Baba Nyanzala amchukue Kulwa kama saidia fundi. Halafu pembeni mwa karatasi, kwa maandishi ya kubanana, ukaandika kwamba masikio ya Doto yanatoa maji kila akivaa hereni, na watu wanasema ana damu mbaya. Hilo la pembeni ndilo limenikalisha chini kuandika kurasa zote hizi, maana masikio ya Doto na mikono ya Baba Nyanzala ni habari moja.

Nianzie kwenye mikono, kwa sababu hujaiona. Ulipohamia Ukerewe alikuwa bado anajenga kule Bugarika na Mabatini, zile nyumba za juu ya mawe ambako gari halifiki. Simenti inapandishwa kwa kichwa. Unakumbuka vijana wanavyoshuka shingo zimepauka, jasho limechora mifereji kwenye vumbi. Alibeba hivyo miaka ya mwanzo, baadaye akawa fundi wa lipu, na lipu ni mkono ndani ya udongo mbichi kutwa nzima.

Miaka 11 simenti haikumfanya kitu. Mikono ilikauka tu kama ya mafundi wote. Jioni anapaka mafuta ya mgando, asubuhi anarudi kazini. Mwaka wa 12 vikaanza vipele kati ya vidole. Vinawasha usiku mpaka anakaa kitandani, vinapasuka, vinatoa maji, kisha ngozi inakuwa nene kama ya kisigino na kuchanika hadi damu. Ikafika mahali nikawa namfungia vifungo vya shati. Ugali alikula kwa kijiko, na unamjua Baba Nyanzala, ugali kwa kijiko kwake ni adhabu.

Tulizunguka maduka ya dawa. Tukapewa dawa za fangasi, tukapewa sindano, tukapewa mizizi ya kuchemsha. Mama mkwe alisema ni mkono wa mtu, kwa kuwa Baba Nyanzala alikuwa ametoka kupata kazi ya nyumba nzima na wenzake wamekosa. Wengine walinong'ona kwamba ni ule ugonjwa. Tulikwenda kupima wote wawili, hatunao. Zahanati moja wakamwambia ni uchafu, anawe vizuri. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu sijaona mtu anayenawa kama yeye.

Kilichotupoteza ni siku. Akipumzika nyumbani wiki tatu, mikono inatulia. Akirudi kazini, siku ile ile hakuna kitu. Anafanya kazi, anaoga, analala vizuri. Usiku wa pili ndio anaanza kujikuna. Kwa hiyo kila mara tulilaumu kitu tulichogusa au kula jana yake: sabuni, sato, maji ya kisima. Miezi mitatu nilimnyima dagaa, Mama Kulwa. Mtu wa Mwanza, miezi mitatu bila dagaa, na dagaa hawakuwa na kosa lolote.

Mwisho tulimpata daktari wa ngozi, mmoja wa wale waliosomea Moshi, pale hospitali ya KCMC kwenye kituo cha ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Alimsikiliza, halafu akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: “Unafanya kazi gani?” Aliposikia lipu, aliweka kalamu chini.

Alimbandika mgongoni vipande vya plasta, kila kimoja kimewekwa kitu chake kidogo sana. Jumatatu vilibandikwa, Jumatano vikabanduliwa, Ijumaa tukarudi kuangaliwa tena. Siku zote hizo haruhusiwi kulowesha mgongo wala kufanya kazi ya jasho, na joto la Mwanza unalijua. Jumatano palionekana wekundu sehemu moja. Ijumaa pale pale pamevimba na kuota malengelenge madogo, na pa pili pakawa pekundu kidogo. Pa kwanza palikuwa na kromu, pa pili kobalti, zote ni metali. Nilipouona ule mgongo nililia, kwa ahueni. Ugonjwa ulikuwa na jina: ukurutu wa mzio, ile tunayoiita aleji.

Sasa nikueleze nilivyoelezwa. Simenti inadhuru ngozi kwa njia mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ukali wake: simenti mbichi inaunguza, na ukipiga magoti kwenye zege saa nzima unaweza kutoka na vidonda. Hiyo haichagui mtu. Ya pili ni mzio, na huo unachagua. Malighafi ya simenti ina chembe za kromu, na ndani ya tanuru, kwenye ule moto mkali wenye hewa, sehemu ya kromu hiyo inageuka kuwa aina inayoyeyuka kwenye maji na kupenya ngozi. Ikishapenya inajibandika kwenye protini za mwili, na askari wa mwili wanauona mchanganyiko huo kama mgeni mbaya. Wanaweka kumbukumbu. Safari ya kwanza mtu hahisi kitu. Wengine wanafanya kazi hivyo miaka mingi kumbukumbu haijawekwa, na wengine haiwekwi mpaka wanakufa. Lakini ikishawekwa, kila kromu inaporudi wale askari wanakusanyana pale ilipogusa, na kukusanyika kwao kunachukua siku moja, mbili, hata tatu. Ndiyo maana ya ule usiku wa pili.

Na kumbukumbu hiyo haifutiki. Hapa naomba usome taratibu. Dawa ya kupaka inatuliza ukurutu, lakini hakuna dawa inayowasahaulisha wale askari. Baba Nyanzala ana miaka 43, na mwili wake utaikataa kromu mpaka mwisho. Laiti tungejua alipokuwa na umri wa Kulwa.

Tulipata funzo jingine kwa njia mbaya. Alipoacha lipu nilimnunulia viatu vizuri vya ngozi vya kwendea kanisani, na glovu nene za ngozi za kazini. Baada ya wiki mbili miguu ikawa kama mikono. Kumbe ngozi nyingi za viatu hulainishwa kiwandani kwa chumvi ya kromu, na jasho la mguu linaitoa. Zile glovu nilizonunua kumlinda ndizo zilizokuwa zinamtia kromu mkononi. Sasa anavaa raba za turubai, na nyumbani kandambili.

Daktari alituambia pia kwamba Denmark mwaka 1981 walianza kuchanganya simenti na salfeti ya chuma, ambayo inairudisha ile kromu katika hali isiyopenya ngozi kirahisi, na mzio kwa mafundi wao ukapungua. Mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya zikaweka kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya simenti. Nilipomsikia nilikasirika, si kwa sababu wao wamefanya, bali kwa kukumbuka shingo za wale vijana wa Bugarika. Vijana hao nao wanastahili simenti ya namna hiyo kama mtu yeyote.

Turudi kwa Doto. Nilimsimulia daktari habari yake, akatabasamu, akasema karibu kila wiki anawaona wa hivyo. Hereni za bei rahisi nyingi zina nikeli chini ya ile rangi ya dhahabu, na nikeli ndiyo metali inayoongoza duniani kwa kuleta mzio wa kugusa. Wanawake tunapata zaidi, hasa kwa sababu ya kutoboa masikio: kidonda kibichi, metali ndani yake, jasho linayeyusha, askari wanakariri. Nilikuwa nimevaa zangu za shaba shaba, zile ulizonicheka siku ya ubatizo. Akachukua kijiti chenye pamba, akadondoshea dawa, akasugua hereni yangu. Pamba ikageuka waridi. Waridi maana yake nikeli inatoka. Nilizivua nikaziacha pale pale mezani kwake.

Kwa hiyo Doto hana damu mbaya, na usiruhusu mtu amwambie hivyo tena. Mvulishe hereni zote, masikio yapumzike mpaka yapone kabisa, na hata baadaye asivae za mapambo ya barabarani. Mwangalie na chini ya kitovu, pale kifungo cha jinzi kinapogusa. Akiwa na kiraka cheusi kinachowasha, mshonee kitambaa ndani ya suruali. Saa yenye mkanda wa chuma nayo aiache. Ulaya waliweka sheria ya kubana nikeli kwenye vitu vya kugusa ngozi tangu 1994, lakini shanga na hereni za soko letu hakuna anayezipima, kwa hiyo kazi hiyo ni yako mama.

Najua utauliza: ikiwa Doto anakataa nikeli, na Kulwa ni pacha wake, si basi atakataa simenti? Hapana. Nikeli na kromu kila moja ina kesi yake, na kumbukumbu haiwekwi mpaka mwili wenyewe ukutane na kitu.

Kuhusu lile wazo la kwamba akishindwa ujenzi aende kuchomelea, ningekuomba msiwe na haraka. Moshi wa kuchomelea chuma kisichoshika kutu una kromu na nikeli pamoja, na huo haugusi mikono tu, unashuka kifuani. Wako wachomeleaji waliopata pumu kwa moshi huo. Mimi pumu naijua. Unakumbuka Nyanzala akiwa darasa la pili tulivyokuwa tukikimbia naye usiku?

Wakati ule jirani yetu alikuwa anavunja betri kuukuu za magari, anayeyusha madini ya risasi kwenye karai na kumimina vizito vya kuzamishia nyavu, ukuta kwa ukuta na chumba cha watoto. Nilimuuliza daktari kama ndiyo iliyoleta pumu. Alinijibu kwa uaminifu: wapo watafiti waliokuta watoto wenye risasi nyingi katika damu wana zile kinga za mwili zinazoleta mzio nyingi zaidi, na wapo waliotafuta wasikute, kwa hiyo hawezi kuniapia. Ila moshi wenyewe unatosha kubana kifua cha mwenye pumu, na risasi inadhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo sana, hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nilikwenda kwa jirani jioni ile na bakuli la wali na sato, nikaogopa hasira yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Mama, na wangu watatu wanacheza pale pale.” Ndani ya mwezi karai lile halikuwepo tena, sasa ananunua vizito tayari, anauza. Namheshimu sana mtu yule.

Basi, Kulwa aje. Baba Nyanzala amekubali, na mimi nimefurahi kuliko yeye. Sasa hivi yeye mwenyewe hashiki udongo; anasimamia, anashika timazi na pimamaji, anapanga kazi. Lakini ameweka masharti na nimeyaandika hapa ili Kulwa ayasikie kwanza kwako.

Glovu za mpira kila siku, na za pamba nyembamba ndani yake, kwa sababu wapo wanaokataa hata mpira. Udongo ukiingia ndani ya glovu avue saa hiyo hiyo. Simenti iliyofungiwa ndani ni mbaya kuliko ya mkono mtupu. Asinawe kwenye karai lililooshewa miiko. Wote wananawa humo, hata Baba Nyanzala alinawa humo miaka yote, na maji yale ni simenti iliyolowekwa. Atakuwa na dumu lake la maji safi. Akibeba mfuko awe na kitambaa shingoni na shati la mikono mirefu, na jioni nguo za kazi zisilale kitandani. Wenzake watamwita bibi harusi kwa hizo glovu. Mwambie Baba Nyanzala atakuwa amesimama karibu yake, na kwamba vijana wengi wakiiona mikono yake huacha kucheka.

Kipele cha kwanza kati ya vidole, aseme. Asingoje, asifiche kwa kuogopa kukosa siku. Nimeshamwambia Baba Nyanzala kwamba siku hiyo italipwa.

Mtume na meli ya Jumatatu ya wiki ijayo, nitampokea bandarini mwenyewe. Aje na raba za turubai, zile za ngozi mpe kaka yake. Na zile hereni za Doto zitie kwenye bahasha umpe Kulwa, nitazipeleka kwa daktari azisugue tuone kama kuna hata jozi moja anayoweza kuvaa kwenye kipaimara.

Baba Nyanzala anakusalimu. Msalimie mama, mwambie nitakuja mwezi wa nane.

Rafiki yako,
Mama Nyanzala