Kima kipya cha mshahara: hesabu saa kabla ya kupunguza mtu

Ndugu Mhariri,

Tangu amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi ianze kutumika 1 Januari 2026, wenye migahawa na maduka hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Buhongwa, wanajiuliza wampunguze nani. Wengi walishtushwa na ile 358,322 iliyotangazwa. Hiyo ni wastani. Kila sekta ina kiwango chake kwenye jedwali la amri, na cha sekta yako ndicho unachodaiwa.

Tuchukue mgahawa wa watu 4, hesabu ya mfano tu, kila mmoja akipanda kutoka 150,000 hadi 200,000. Mwajiri anaweka juu yake mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 na wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, kwa hiyo mtu aliyekuwa anamgharimu 165,750 sasa anamgharimu 221,000. Kwa wote 4 nyongeza ni 221,000 kwa mwezi, kama vile ameajiri mtu wa tano asiyeonekana jikoni. Anayesema wenye biashara wanalia bure hajawahi kufunga hesabu za mwisho wa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni 8,500 kwa siku. Ukiuza sahani 85, ni shilingi 100 juu ya kila sahani, tuseme ya 3,000. Lakini nani anauza wali samaki kwa 3,100? Ama unapandisha hadi 3,500 na mteja anahamia kwa jirani asiyemlipia mtu NSSF, ama unapunguza kipande cha sato. Na mteja wa Mwanza kipande cha samaki anakipima kwa macho.

Hapo ndipo linakuja wazo la kumwondoa mmoja. Tatizo ni kwamba kazi yake inabaki. Saa za kawaida kisheria ni 45 kwa wiki. Mshahara wa mwezi ukiugawa kwa saa 195 za mwezi mzima unapata wa saa moja, hapa 1,026, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 1,538. Watatu waliobaki wakizibeba zile saa 195, ovataimu inafika 300,000. Umeokoa 221,000, umelipa 300,000. Tena kila mmoja atakuwa na saa 60 za ziada ndani ya wiki 4, na mwisho unaoruhusiwa ni 50. Aliyeondoka, kama ametimiza miaka 3, anadai kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, yaani 161,538, bado notisi ya siku 28 na likizo asiyochukua. Ukimpunguza bila mashauriano, ana siku 30 za kufungua dai CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi.

Penye nafuu ni kwenye zamu. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni wote 4 kuingia alfajiri na kutoka usiku, halafu saa 10 alasiri wanakaa wakitazama barabara. Waingize wawili saa 12 asubuhi, watoke saa 8:30 mchana. Wawili saa 5:30 asubuhi, watoke saa 2 usiku. Ukitoa saa moja ya mapumziko, kila mmoja amefanya saa 7 na nusu, kwa siku 6 ni 45 kamili. Wote 4 wanakutana kati ya saa 5:30 na 8:30, wakati foleni ya chakula cha mchana imefika mlangoni.

Kwenye mialo ya dagaa, kule mitumbwi inakotua, hesabu ni nyingine. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na mwanikaji hana cha kuanika. Kumwandikia mshahara wa mwezi ni kujifunga bure. Amri ina viwango vya siku na vya saa pia; mlipe kwa siku, kwa kiwango kisichopungua cha jedwali, na aweke saini daftarini kila jioni. Daftari likikosekana, mkaguzi wa kazi akifika utabaki na maneno matupu.

Watunza hesabu za mishahara,
Kirumba, Mwanza