Kalkuleta iwekwe pembeni kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi nafundisha fizikia mwaka wa kwanza chuo kimoja hapa Dar. Juzi nimeingia semina na beseni la maji, juu yake inaelea sufuria yenye jiwe, nikauliza, nikilitoa hilo jiwe nikalizamisha kwenye beseni maji yatapanda, yatashuka au yatabaki palepale? Basi vijana wakachomoa kalkuleta, mmoja ananiuliza "ticha, jiwe kilo ngapi?" Kilo za nini tena jamani!

Wengi wakasema yatapanda. Nikaweka alama kwa maka peni, tukajaribu, yakashuka. Kimyaaa. Na kanuni ya Archimedes, kwamba maji hukibeba kitu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kinayoyasukuma pembeni, wameikariri toka sekondari, ila hakuna aliyewahi kuambiwa akae aiwaze tu: jiwe likiwa ndani ya sufuria linasukuma maji yenye uzito sawa na wake, likizama linasukuma maji ya ujazo wake tu, na kwa vile jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo uleule, lazima yashuke. Hesabu hapo hakuna.

Siwalaumu vijana, mitihani yetu ndo inataka fomula na jibu lenye desimali mbili. Hata mimi natunga hivohivo, maana kusahihisha maelezo ya watu 300 sio mchezo. Ila tuweke basi hata swali moja kila mtihani la kuchora na kueleza bila namba yoyote, nipo tayari kukesha nayasahihisha.

Mwalimu, Dar es Salaam